Kukokotoa cheksamu ya heda ya IPv4 kwa C bila kupoteza biti

Kanuni ya cheksamu ya IPv4 (namba inayoonyesha kama heda, yaani sehemu ya mwanzo ya pakiti ya mtandao, imeharibika njiani) imeelezwa vizuri katika waraka wa kiufundi wa intaneti RFC 1071 wa mwaka 1988, nayo ni fupi: jumlisha baiti mbilimbili, rudisha ziada (biti zinazozidi 16) chini kwa kuijumlisha, kisha geuza biti zote. Kinachoangusha msimbo ni namna lugha ya C inavyozishika biti zenyewe.

1. Weka sifuri kwenye baiti ya 10 na ya 11 ya heda, ukihesabu kuanzia 0. Hapo ndipo cheksamu inapokaa, na thamani ya zamani ikibaki itaingia kwenye jumla.

2. Andika hivi:

```c
uint16_t cheksamu(const uint8_t *p, size_t n) {
    uint32_t jumla = 0;
    while (n > 1) {
        jumla += ((uint32_t)p[0] << 8) | p[1];
        p += 2; n -= 2;
    }
    if (n) jumla += (uint32_t)p[0] << 8;
    while (jumla >> 16)
        jumla = (jumla & 0xFFFF) + (jumla >> 16);
    return (uint16_t)~jumla;
}
```

Usibadilishe `uint8_t` kuwa `char`. Kwenye x86 (vichakataji vya aina ya Intel na AMD), `char` kwa kawaida hukubali namba hasi, hivyo 0xC0, baiti ya kwanza ya anwani 192.168.0.1, inasomwa -64. Ikipanuliwa hadi biti 32 inakuwa 0xFFFFFFC0. Kosa hili ni baya kuliko yote kwa sababu hujificha: heda ambayo baiti zake zote ziko chini ya 0x80 hutoa jibu sahihi.

Mabano nayo yaache yalivyo. Ukiandika `p[0] << 8 + p[1]`, C hujumlisha kwanza ndipo isogeze.

Jumla iwe ya biti 32, la sivyo ziada inapotea kimyakimya. Kuikunja, yaani kurudisha ziada chini, mara moja hakutoshi: 0x1FFFF hukunjwa ikawa 0x10000, bado ina ziada. Ndiyo maana nimetumia `while`.

3. Ipime kwa heda hii, ambayo baiti zake za cheksamu tayari ni sifuri:

```
4500 0073 0000 4000 4011
0000 c0a8 0001 c0a8 00c7
```

Jumla ni 0x2479C, ikikunjwa, 0x479E, ikigeuzwa, 0xB861. Ukipata jibu jingine, chapisha `jumla` kila mzunguko uone inapoachana na hesabu ya mkono.

4. Andika cheksamu uliyopata (hapa `c`) kwenye heda, baiti kubwa ikitangulia:

```c
heda[10] = c >> 8;
heda[11] = c & 0xFF;
```

Sasa ita `cheksamu` tena juu ya heda nzima. Lazima irudishe 0, na mpokeaji huikagua pakiti yako kwa njia hiyohiyo.