Kushona fulana ya kubana ya mpiga makasia

Kosa kubwa hufanyika kabla mkasi haujagusa kitambaa: kumpima mchezaji akiwa amesimama wima, mikono ubavuni, kama anayepimwa kanzu ya Idi. Kwenye mtumbwi wa mashindano hakuna anayekaa hivyo. Mkalishe sakafuni, miguu mbele, ainame na kunyoosha mikono kana kwamba anatia kasia majini. Hapo ndipo umpime mgongo, kuanzia mfupa wa shingo hadi chini ya kiuno, na urefu wa mkono kuanzia mfupa huohuo. Mgongo utazidi kipimo cha kusimama kwa sentimita 6 hadi 8 hivi. Ziada hiyo itie yote kwenye pindo la nyuma. Mbele usiongeze kitu, maana kitambaa kitajikunja tumboni.

Tafuta nailoni au poliesta asilimia 80 na laikra asilimia 20, uzito wa gramu 190 hadi 220 kwa mita mraba. Pamba hapana: hunywa maji, ikawa mzigo. Kitambaa cha kukata dukani Biashara Street mara nyingi hakina lebo, basi kijaribu mwenyewe. Tia alama mbili kwa umbali wa sentimita 10, vuta hadi 16, hesabu thelathini, achia. Kikibaki 10 na nusu, kirudishe kwa mwenye duka. Kisha kitandaze juu ya kiganja juani, ukivute: ukiona ngozi yako, jua nalo litapita, na kikilowa litapita zaidi. Wengi hutaka nyeupe kwa ajili ya joto la Kaskazi. Washauri buluu iliyokolea.

Upana wa kifua punguza asilimia 12. Kifua cha 96 kinakuwa takriban 84, yaani 42 mbele na 42 nyuma, kisha ongeza milimita 7 za mshono kila upande. Urefu usiupunguze.

Mkono ukate unaoanzia shingoni, usiwe na mshono juu ya bega, kwa sababu hapo ndipo mkanda wa jaketi la kuokolea unaposugua. Kwapani weka kikwapa, kama cha kanzu: kipande cha umbo la kashata, urefu sentimita 16, upana 8, ncha ndefu moja ikielekea kwenye mkono na nyingine ubavuni. Bila hicho, kila mkono unapoinuka fulana nzima hupanda nao, na mshono wa kwapa ndio hupasuka kwanza. Kona za kikwapa ni kazi ya subira. Simamisha sindano ndani ya kitambaa milimita 7 kabla ya ukingo, inua mguu wa cherehani, geuza, endelea.

Tumia sindano ya vitambaa vya kuvutika, namba 75, na uzi wa poliesta. Ovaloki ya nyuzi nne inafaa, ila huacha ukuta ndani unaochubua ngozi iliyolowa chumvi, basi ulaze ukuta huo na uupige zigizaga ya upana wa milimita 2.5 juu yake. Mshono wa kawaida ulionyooka hukatika mara ya kwanza mchezaji anapoivaa. Mshono ukitoka na mawimbi, ama ulikuwa unavuta kitambaa kwa mkono, ama mguu wa cherehani unakandamiza mno, ulegeze.

Pindo la chini tia lastiki ya sentimita 2 yenye mistari ya silikoni upande wa ndani, isije ikapanda.

Fulana hii si ya mbio za bwawani: tangu 2010 kanuni za kuogelea za kimataifa haziruhusu vazi la wanaume kupita kitovu kwenda juu.

Baada ya mazoezi isuuzwe kwa maji ya bomba au ya mvua, si ya kisima chenye chumvi, kisha ianikwe kivulini.