Hereni ya udongo wa fedha: kausha, halafu kausha tena

Juzi mdogo wangu wa Mikindani kanipigia simu analia: hereni imepasuka motoni, vipande vimeruka mpaka mkekani. Nikamuuliza, uliikaushaje? "Dada, ilikuwa kavu, niliigusa." Haya.

Udongo huu ni unga laini wa fedha uliokandwa kwa maji na gundi. Ukichomwa, gundi inaungua, chembe zinashikana, inabaki fedha tupu. Ninaoutumia husinyaa karibu asilimia 10, kwa hiyo tundu la hereni litoboe kubwa kidogo.

1. Paka viganja mafuta ya nazi, tone tu. Sukuma udongo kama chapati katikati ya karata, nne kila upande. Unaobaki ufunge kwenye nailoni upesi.

2. Gandamiza jani la mkorosho, upande wa chini wenye mishipa iliyotuna. Kata, toboa.

3. Kausha. Mvua za Januari huku Mtwara, kitu kinalala mezani usiku kucha na bado kina maji tumboni. Maji hayo yakikutana na moto wa ghafla yanageuka mvuke, nao lazima utoke. Mimi yaliniharibia vipande vitatu na Jumamosi nzima.

Mashine ya nywele siitaki, inakausha ngozi tu. Teleka kikaango kikavu juu ya makaa yaliyoshika majivu, dakika 20, ukigeuza. Kisha kilaze kipande kingali na joto juu ya kioo cha kujitazamia, hesabu mpaka kumi, kinyanyue. Kimeacha ukungu? Rudisha kikaangoni. Kioo kifutwe kwanza, tena kisitoke kwenye friji, maana kitaweka ukungu chenyewe na utakesha bure. Nataka kioo kiwe safi mara mbili mfululizo.

4. Msasa laini.

5. Choma kwa tochi ya gesi juu ya tofali la kuhimili moto. Sakafu ya saruji inaweza kupasuka na kukurukia. Kaa kivulini, juani rangi huioni. Moshi na kimwali kidogo ni gundi hiyo. Kikiiva rangi ya chungwa iliyopauka, zungusha moto dakika 2. Kikianza kumetameta kama maji, ondoa haraka: fedha huyeyuka kwenye nyuzi 961.

6. Kitakuwa cheupe kama chokaa. Sugua kwa brashi ya waya na maji ya sabuni, malizia kwa mgongo wa kijiko.

Hereni ya pili ya mdogo wangu iliacha ukungu mara nne. Gesi tuliwasha baada ya magharibi.