Kuchavusha vanila kwa mkono Dodoma, ambako nyuki wake hawapo

Vanila ni okidi, tena yenye maringo. Asili yake ni Mexico na nchi jirani, na ua lake limelingana na nyuki wa huko kama kufuli na ufunguo. Nyuki huingia ndani ya faneli ya ua, na akirudi kinyumenyume chavua humganda mgongoni, akaipeleka ua jingine. Jirani yangu mfugaji wa nyuki, mtu wa Manyoni, alinishawishi niweke mizinga kando ya kitalu. Nyuki wake wakaja kunywa maji ya matone, maua hawakuyagusa. Yote yakadondoka.

Basi kazi ya nyuki ni yako.

1. Dawa ni kuamka mapema. Ua hufunguka alfajiri na kunyauka siku hiyohiyo. Mimi huanza saa 12 na nusu asubuhi, saa 4 niwe nimemaliza, maana jua na upepo wa huku havisubiri mtu, hata chini ya neti ya kivuli.

2. Tafuta kijiti. Mwiba wa mgunga unafaa, ila ufanye butu kwanza.

3. Shika ua kwa nyuma kwa mkono wa kushoto, kisha chana ile petali iliyojikunja mpaka uone ndani. Juu pana kofia yenye chavua ya njano, chini pana sehemu ya kike inayonata, na katikati pana kijiulimi. Siri yote ipo hapo. Kijiulimi kipo ili ua lisijichavushe, lingoje mgeni aliyetoka kwenye ua jingine. Sisi mgeni huyo hatuna, kwa hiyo tunavunja mwiko.

4. Nyanyua kijiulimi kwa kijiti, halafu kwa kidole gumba sukuma kofia ishuke iguse panaponata. Bana kidogo, chomoa kijiti, achia. Njia hii aliibuni Edmond Albius kisiwani Réunion mwaka 1841, akiwa mtumwa wa miaka 12.

5. Usichavushe yote. Kichane kimoja, yaani shada moja la maua, huweza kutoa maua 15 hadi 20, kwa zamu. Mimi huchukua 8 tu, ya upande wa chini, ili podo, yaani maganda ya vanila, zining'inie zimenyooka. Ukizidisha, mmea unachoka.

Baada ya siku mbili tatu, ua lililoshika hunyauka likiwa bado kwenye kikonyo, lisiloshika huanguka. Funga uzi wa rangi kwenye kichane na uandike tarehe: kukomaa ni takriban miezi 9, na kwa macho tu utakosea.