SOMO: Bastola ya kwenda nayo porini kwenye dubu, unachaguaje

Wakuu, hili naulizwa sana na watu wanaohamia huku Montana, ndugu zetu Wakongomani wa Missoula hasa, ambao wikiendi wanaenda kuvua samaki au kupanda milima. Tunamuongelea grizzly, yule mwenye nundu mabegani, sio dubu mweusi anayekuja kupekua mapipa ya taka.

Hatua ya 1, makaratasi. Ukiwa Marekani kwa viza ya muda, iwe ya masomo au ya kutembea, sheria ya shirikisho inakukataza hata kuishika silaha, labda uwe na leseni halali ya uwindaji au msamaha mwingine, na hizo habari za mshkaji "we shika yangu tu" ndo zinakupeleka jela. Mwenye grini kadi ruksa, na dukani bastola wanauzia kuanzia miaka 21.

Hatua ya 2, nunua spreyi ya dubu kwanza. Najua mmefuata chuma, vumilieni. Watafiti wa dubu Tom Smith na Stephen Herrero walichambua matukio ya Alaska, mwaka 2008 wakakuta spreyi ilifanya kazi asilimia 92 kwa dubu wa kahawia (grizzly ni wa jamii hiyo hiyo), 2012 wakaja na silaha, bastola asilimia 84, bunduki ndefu 76. Matukio yenyewe hayafanani so usiyapambanishe sana, ila kopo linatoa wingu la pilipili mpaka mita 9 hivi, na wingu halitaki shabaha.

Hatua ya 3, bastola yenyewe. Hapa ndo watu hutukanana. Rivolva ya .44 Magnum ina risasi 6, haikwami hovyo hata ukiigandamiza kwenye mwili wa mnyama. Glock 20 ya 10mm, hii ni ya magazini, inabeba risasi 15, na ndo wanayotembea nayo doria ya Sirius, kikosi cha jeshi la Denmark kule Greenland, kwa ajili ya dubu wa barafuni. Ile .500 ya Smith & Wesson ina nguvu kweli lakini ni risasi 5 na inapiga teke kama punda. Sasa piga hesabu, grizzly anakimbia kama kilomita 55 kwa saa, yaani mita 15 kila sekunde, akichomoka kichakani mita 30 una sekunde 2 tu, na hapo bado hujaichomoa. Kwa hiyo nenda uwanja wa shabaha, weka sahani ya karatasi mita 7, piga tatu chapuchapu. Kama ya pili imeenda kwenye mawingu hiyo sio yako, hata kama YouTube wanasema inaangusha tembo.

Hatua ya 4, risasi, na wengi wanachemka hapa. Zile zenye tundu puani ni za binadamu, zinatanuka mapema haziendi mbali. Dubu ana mafuta, misuli na mfupa mnene, anataka risasi ngumu ya pua bapa inayochimba moja kwa moja. Ila Glock wenyewe hawashauri risasi za madini tupu ya risasi kwenye mtutu wao wa kiwandani, kwa hiyo tafuta zilizovishwa shaba au badili mtutu, halafu maliza boksi zima uwanjani uone kama inakwama.

Hatua ya 5, mkoba uwe wa kifuani. Kiunoni mkanda wa begi unaifunika, na ukiangushwa chali kifuani mkono bado unafika.

MASWALI

— Mkuu nataka kuendesha mpaka Alaska nikipitia Kanada, naenda nayo?
Thubutu! Kanada hawakupitishi na bastola ya kujilinda na dubu. Panda ndege, bastola iwe haina risasi, kwenye kasha gumu lenye kufuli, uitangaze kaunta na iende kwenye mizigo ya chini. Spreyi ndo haipandi ndege kabisa, nunua ukifika.

— Hifadhi ya taifa ya Yellowstone je?
Tangu Februari 2010 unabeba kwa kufuata sheria za jimbo, lakini kufyatua ni marufuku, na kwenye majengo ya serikali huingii nayo.

— Bro nina 9mm tu, nikauze nyumba ninunue .44?
Hahaha tulia. Alaska washamuangusha dubu kwa 9mm yenye risasi ngumu. Siyo chaguo langu kwa grizzly, ila 9mm uliyoizoea naipa kura kuliko .44 uliyoazima jana.

— Nikimuua ngozi si yangu?
Sio yako. Alaska ukiua kwa kujiokoa unachuna mwenyewe, unakabidhi serikali ngozi na kucha zake pamoja na fuvu, na unaandika ripoti. Huku kwetu Montana grizzly analindwa na sheria ya shirikisho tangu 1975, usimguse, piga simu kwa maofisa wa wanyamapori uwasubiri ukiwa mbali na mzoga, maana dubu wengine wataufuata.