Usiende kwa mtaalamu wa lishe mikono mitupu

Miadi yangu ya kwanza niliitikia "sawa" kwa kila neno, nikarudi nyumbani na karatasi ya vyakula ambayo sikuigusa tena. Miezi mitatu baadaye HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu, ilikuwa palepale, asilimia 9.4. Mara ya pili nilikwenda na daftari, na hapo ndipo ushauri uliponifaa. Kama una kisukari cha aina ya pili, jaribu hivi.

Kwa siku tatu kabla ya miadi, mojawapo iwe ya mapumziko, andika kila unachokula na kunywa: saa, chakula, kiasi. Usijisafishe. Hata kipande cha mkate ulichomega umesimama jikoni kiandike.

Kila siku chagua mlo mmoja. Pima sukari kabla ya kula, kisha pima tena saa mbili baada ya tonge la kwanza. Mlo wangu wa mchana ulisoma 7.1 mmol/L, halafu 13.8. Mtaalamu aliitazama ile jozi, akanisogezea bakuli la wali na kikombe cha kupimia. "Pakua kama unavyopakua kwako." Daftarini nilikuwa nimeandika kikombe kimoja. Tulipopima, vilikaribia vitatu! Hakunikemea. Alichora sahani: nusu mboga zisizo na wanga mwingi, robo wanga, robo protini. Wali sikuuacha, niliurudisha kwenye robo yake. Wiki iliyofuata, mlo uleule ulisoma 9.6.

Hapa naomba uwe makini sana: kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, mwambie daktari kabla hujapunguza wanga. Dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka chini ya 4, na hiyo ni hatari ya papo hapo.

Usitoke na orodha ya makatazo ishirini. Omba badiliko moja unaloweza kulianza kesho, na tarehe ya kurudi. HbA1c hubeba wastani wa miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo wiki mbili hazitoshi kuupima ushauri. Ukifuatwa vizuri, unaweza kuishusha kwa pointi 1 hadi 2, sawa na baadhi ya vidonge. Yangu sasa ni 7.9.

Maswali nayo yaandike yanapokujia. La kwangu kwa miadi ijayo: kwa nini sukari ya alfajiri iko juu kuliko ile niliyolala nayo?