Kuchagua kadi ya memori kabla ya kupiga picha za kwanjula

Kwenye kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa familia ya bibi harusi, ssenga (shangazi wa bibi harusi) akishamtambua bwana harusi kati ya wageni na kumvika shada, harudii kwa ajili ya mpiga picha. Kamera ikikwama sekunde hiyo kwa sababu kadi haiwahi kuandika, picha imekwenda. Kwa hiyo kadi ichague kwa hesabu, na uipime kabla ya kuibeba kazini.

Hatua ya 1: Jua kamera yako inakubali kadi gani
Tazama kitabu cha kamera, hasa ikiwa umeinunua imeshatumika. SD ya kawaida inaishia GB 2, SDHC inaishia GB 32, na SDXC inaanzia hapo hadi TB 2. Kamera ya zamani ya SDHC inaweza kuikataa kadi ya GB 64. Kamera mpya haina shida na kadi ndogo za zamani.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya nafasi
Picha moja ya RAW (faili ghafi la kamera) ya megapikseli 24 chukulia ni MB 30. Picha 1,500 za kwanjula ni GB 45, basi GB 64 inatosha. Kwa kazi kubwa zaidi nachukua kadi mbili za GB 64 badala ya moja ya GB 128; moja ikiharibika, nusu ya sherehe imebaki.

Hatua ya 3: Soma kasi ya kuandika
Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Namba kubwa iliyoandikwa usoni mwa kadi kwa kawaida ni kasi ya kusoma, yaani ya kuhamishia picha kwenye kompyuta. Wewe tafuta alama ndogo. C yenye 10 ndani yake inaahidi kutoshuka chini ya MB 10 kwa sekunde wakati wa kuandika, U yenye 3 inaahidi MB 30, na V30, V60 na V90 zinaahidi MB 30, 60 na 90.

Kasi ya video hutajwa kwa megabiti, basi gawanya kwa 8. Video ya 4K ya megabiti 100 inahitaji MB 12.5 kwa sekunde. V30 inaibeba bila taabu. Kadi ya UHS-II (aina ya kasi zaidi kuliko UHS-I ya kawaida), yenye safu mbili za vipande vya rangi ya dhahabu mgongoni, ni ghali, na kwenye kamera ya UHS-I itakwenda kwa kasi ya UHS-I tu. Usiilipie kama kamera yako haiwezi kuitumia.

Hatua ya 4: Nunua unapoweza kurudi
Kampala kadi bandia zipo, na pakiti zake zinapendeza kama za kweli. Ndani mna GB 8, lakini kadi imechezewa ijitangaze kuwa ya GB 128. Utapiga picha bila kuona tatizo hadi GB 8 zijae. Baada ya hapo mafaili yanaharibika kimyakimya. Dai risiti, na mkubaliane kabisa kwamba ikishindwa kipimo unairudisha.

Hatua ya 5: Ipime siku hiyohiyo
Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Mac au Linux tumia F3. Zote ni za bure. Programu inaijaza kadi nzima kisha inasoma ilichoandika, ikikuonyesha nafasi halisi na kasi halisi. Kadi ya GB 64 inayoandika MB 30 kwa sekunde itachukua zaidi ya nusu saa kujaa, na kusoma bado, kwa hiyo usifanye haraka. Tumia kisomaji cha USB 3. Cha USB 2 kitaifanya kadi nzuri ionekane goigoi.

Hatua ya 6: Ifomati ndani ya kamera
Fanya hivyo kabla ya kila kazi, picha za zamani zikiwa tayari zimehifadhiwa sehemu mbili. Kamera yenye matundu mawili iambie iandike kwenye kadi zote kwa pamoja. Na kadi ikileta hitilafu katikati ya sherehe, itoe, usipige tena juu yake wala usiifomati, weka nyingine uendelee. Nyumbani jaribu PhotoRec, programu ya kurudisha picha zilizopotea: mara nyingi picha bado zimo.