Kuendesha utafiti wa ufanisi wa dawa ya malaria: kuanzia itifaki hadi slaidi ya siku ya 28

Kabla ya kuandika chochote, fanya hesabu hii. Utafiti wa ufanisi wa dawa mseto ya malaria, kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), kwa kawaida huhitaji wagonjwa 73 waliofuatiliwa hadi mwisho. WHO hushauri nchi ibadili dawa pale ambapo wasiopona wanafikia asilimia 10, baada ya kuwatoa waliopata maambukizi mapya. Watoto 7 kati ya 73 ni asilimia 9.6. Watoto 8 ni karibu asilimia 11. Kati ya kusema dawa bado inafaa na kusema tuanze kutafuta nyingine, kuna mtoto mmoja tu.

Mtaalamu wa takwimu atakukumbusha kwamba kwa wagonjwa wachache hivyo tofauti ya 7 na 8 haina uzito mkubwa, na kwamba hakuna sera inayobadilishwa kwa matokeo ya kituo kimoja. Ni kweli. Lakini matokeo ya vituo ndiyo yanayojumlishwa, na makosa yake hujumlishwa pia. Hatua zote zilizo hapa chini zina kazi moja: huyo mtoto mmoja asihesabiwe mahali pasipo pake.

Mwongozo huu unahusu malaria isiyo kali ya Plasmodium falciparum (P. falciparum, aina mojawapo ya vimelea vya malaria), kundi moja la wagonjwa bila kundi la kulinganisha, na dawa ya artemeta-lumefantrini (ALu). Dawa nyingine hufuata njia ileile, isipokuwa pale nitakapotaja.

Hatua ya 1: Itifaki na idadi ya wagonjwa

Usibuni itifaki yako. Tumia kiolezo cha WHO jinsi kilivyo, maana thamani ya utafiti huu ni kulinganishwa na wa miaka iliyopita na wa nchi jirani. Ukibadilisha kigezo kimoja kwa sababu kinakusumbua, umepoteza ulinganifu huo.

Idadi ya 73 inatokana na kukadiria kwamba asilimia 5 hawatapona, ukitaka uhakika wa asilimia 95 na usahihi wa asilimia 5 juu au chini. Ongeza asilimia 20 kwa ajili ya watakaopotea au kujitoa, unapata 88. Chini ya 50 usianze kabisa.

Muda wa kufuatilia ni siku 28 kwa ALu, lakini 42 kwa dihidroartemisinini-piperakwini. Sababu ni kwamba piperakwini hukaa kwenye damu kwa wiki nyingi na kuendelea kuwakandamiza vimelea waliobaki. Ukifunga utafiti siku ya 28, dawa itaonekana nzuri kuliko ilivyo.

Kibali cha kamati ya maadili na usajili wa utafiti kwenye rejista ya umma vitangulie mgonjwa wa kwanza. Hapo hakuna mjadala.

Hatua ya 2: Iandae maabara kwanza, wodi baadaye

Wengi huanza kwa kufundisha wauguzi. Mimi huanza na mtu wa hadubini, kwa sababu yeye ndiye atakayetoa jibu la mwisho kwa kila mgonjwa. Hapa kipimo cha haraka hakifai kufuatilia: vipimo vingi vya haraka hutafuta protini ya HRP2, nayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyepona vizuri atasomeka ana malaria. Kwa hiyo ni slaidi, yaani kioo chenye damu ya kusomwa kwa hadubini, mwanzo hadi mwisho.

Hakikisha mambo haya kabla ya kufungua milango. Maji ya kuchanganyia Giemsa, rangi ya kupaka slaidi, yawe na pH 7.2, na upime kila unapoyatengeneza. Kila chupa mpya ya rangi ijaribiwe kwa slaidi inayojulikana kuwa na vimelea. Kwenye slaidi, tone jembamba la damu (lililotandazwa) ligandishwe kwa methanoli; tone nene lisiguswe na methanoli hata kwa mvuke, la sivyo chembe nyekundu hazitayeyuka na hutaona kitu. Slaidi zikaukie mahali penye kinga dhidi ya inzi na vumbi, pasiwe juani.

Wasomaji wawe wawili, na wa tatu wa kuamua. Wasikae meza moja.

Hatua ya 3: Kuchuja

Siku ya kwanza ya mgonjwa huitwa siku 0. Tengeneza slaidi mbili. Ya kwanza ipakwe Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15, ikupe jibu la haraka kama mgonjwa anafaa. Ya pili ipakwe Giemsa ya asilimia 3 kwa dakika 45 au zaidi, na hiyo ndiyo itakayohesabiwa rasmi. Pamoja nazo, dondosha damu kwenye karatasi chujio, iache ikauke kabisa, kisha uiweke kwenye mfuko wake peke yake pamoja na vidonge vya kunyonya unyevu. Damu hii ya siku 0 ukiikosa, huwezi kuirudia. Dawa ikishaingia, nafasi imepita.

Penye maambukizi mengi, vigezo vya kawaida ni hivi: umri wa miezi 6 hadi 59, P. falciparum peke yake bila mchanganyiko. Vimelea kati ya 2,000 na 200,000 kwa mikrolita. Joto la kwapani nyuzi 37.5 au zaidi, anaweza kumeza, hana dalili za hatari wala za malaria kali, hana utapiamlo mkali. Penye maambukizi machache, kiwango cha vimelea hushushwa, umri hupanuliwa, na historia ya homa ndani ya saa 24 hukubaliwa.

Kuna swali moja ambalo fomu nyingi huliuliza kwa mkato, nalo linahitaji dakika zako: mtoto ametumia dawa gani karibuni? Usiulize tu dawa za malaria. Kotrimoksazoli, doksisaiklini na azithromaisini nazo hupunguza vimelea. Mtoto anayepewa kotrimoksazoli kila siku kwa kinga hatakiwi kuingia, maana hutajua ni dawa ipi iliyomponya. Mwombe mzazi aoneshe pakiti au chupa. Jina la dawa husahaulika, pakiti hukumbukwa.

Atakayekosa kigezo apewe matibabu ya kawaida mara moja. Asisubiri foleni ya utafiti.

Hatua ya 4: Ridhaa

Mzazi wa mtoto mwenye homa anataka dawa, na atasaini karatasi yoyote utakayoweka mbele yake. Kwa hiyo saini peke yake si ushahidi kwamba ameelewa. Baada ya kueleza, mwombe akusimulie yeye kwa maneno yake: mtoto atachomwa kidole mara ngapi, atarudi siku zipi, na nini kitatokea akikataa. Jibu la mwisho ndilo la kusikiliza kwa makini. Akisema "mtatunyima dawa", rudi mwanzo.

Asiyesoma aweke alama ya dole gumba mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti. Mtoto mkubwa, kwa kawaida kuanzia miaka 12, aulizwe na yeye mwenyewe pamoja na mzazi kukubali.

Sema wazi jambo moja ambalo watafiti hulipitia haraka: ziara ya siku ya 21 na ya 28 itakuja wakati mtoto anacheza na hana ugonjwa wowote. Mzazi asiyejua kwa nini anatakiwa kurudi hatarudi.

Hatua ya 5: Kutoa dawa

Pima uzito, usikisie. ALu ya kidonge cha miligramu 20 na 120 hutolewa hivi: kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge kimoja, 15 hadi chini ya 25, viwili, 25 hadi chini ya 35, vitatu, 35 na zaidi, vinne. Ni dozi sita kwa siku tatu: ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Atumie pamoja na chakula au kinywaji chenye mafuta, kama maziwa, kwa sababu lumefantrini hufyonzwa vibaya tumboni pasipo mafuta.

Dozi itolewe mbele ya macho yako, kisha mtoto akae akiangaliwa dakika 30. Akitapika ndani ya muda huo, rudia dozi nzima na uanze kuhesabu upya. Akitapika tena, mtoe kwenye utafiti na umpe matibabu mbadala.

Tatizo ni dozi za jioni, ambazo ni nusu ya dozi zote. Kama huwezi kuzisimamia, andika hivyo kwenye ripoti. Dozi ya jioni isiyosimamiwa ikikosewa, dawa itaonekana imeshindwa ilhali haikumezwa. Penye bajeti ya kutosha, lipia mtu wa kwenda nyumbani jioni; hela hiyo ina faida kuliko semina ya uzinduzi.

Hatua ya 6: Kufuatilia

Ratiba ni siku 1, 2, 3, 7, 14, 21 na 28, pamoja na siku yoyote mtoto akiugua. Hili la mwisho liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kadi ya mzazi. Mtoto akipata homa siku ya 17 halafu akanunuliwa dawa dukani, umempoteza, na huenda alikuwa mmoja wa wale wanane.

Siku ya kusajili, chukua maelekezo ya nyumbani kana kwamba unakwenda usiku: alama za njiani, jina analojulikana nalo mzazi mtaani, simu mbili za watu wasiokaa nyumba moja. Asipofika asubuhi, mtu atoke kumtafuta siku hiyohiyo. Itifaki hukubali siku moja mbele au nyuma kwa ziara za kuanzia siku ya 7, lakini usipange ratiba ukiitegemea nafuu hiyo. Siku ya 1 na ya 2 hazina nafuu: dozi ikikosekana, mtoto ametoka.

Tukio baya lenye uzito, kama kulazwa au kifo, liripotiwe ndani ya saa 24, liwe limetokana na dawa au la. Si kazi ya muuguzi wa zamu kuamua kama dawa ndiyo chanzo.

Hatua ya 7: Kusoma slaidi

Hesabu vimelea wa hatua isiyo ya kijinsia kwenye tone nene hadi ufikishe chembe nyeupe 200. Kama vimelea hawajafika 100, endelea hadi chembe 500. Kisha zidisha idadi ya vimelea kwa 8,000 (makadirio ya chembe nyeupe kwenye mikrolita moja ya damu) na ugawe kwa idadi ya chembe nyeupe ulizohesabu. Vimelea 460 kwa chembe 200 ni 18,400 kwa mikrolita.

Angalia mpaka wa kuingia: 2,000 kwa mikrolita ni vimelea 50 kwa chembe 200. Msomaji mwenye haraka, anayejua kwamba timu inataka wagonjwa, huona 52 pale palipo na 45. Ndiyo maana msomaji asiambiwe mgonjwa ni wa siku gani wala msomaji mwenzake amepata ngapi.

Wasomaji wakitofautiana kuhusu kuwepo kwa vimelea, aina yake, au idadi kupita kikomo cha itifaki, slaidi iende kwa wa tatu na uchukue wastani wa hesabu mbili zinazokaribiana. Usitangaze slaidi haina vimelea kabla ya kupita angalau nyanja 100 za hadubini.

Hatua ya 8: Kuainisha

Tumia mtoto wetu aliyeanza siku 0 na vimelea 18,400 kwa mikrolita.

Kushindwa mapema: ana dalili za hatari au malaria kali siku ya 1, 2 au 3 pamoja na vimelea, au siku ya 2 vimelea wamezidi 18,400, hata kama hana homa, au siku ya 3 ana vimelea na joto la 37.5 au zaidi. Au siku ya 3 vimelea ni 4,600 au zaidi, yaani robo ya wa mwanzo.

Kushindwa baadaye kwa dalili: kati ya siku ya 4 na 28 vimelea wamerudi pamoja na homa au dalili za hatari. Kushindwa baadaye kwa vimelea tu: kati ya siku ya 7 na 28 vimelea wapo bila homa. Asiye na vimelea siku ya 28, na ambaye hakuangukia kundi lolote kati ya hayo, amepona.

Mwenye vimelea siku ya 3 bila homa, na chini ya robo, hajashindwa. Mwandike kando. Wakifika asilimia 10 ya wagonjwa, kuna sababu ya kushuku usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini, na hapo sampuli zichunguzwe jeni ya vimelea iitwayo kelch13. Mabadiliko yaliyothibitishwa kwenye jeni hiyo tayari yamepatikana Afrika: R561H nchini Rwanda, R622I Eritrea, C469Y na A675V Uganda.

Hatua ya 9: Vinasaba na ripoti

Kila mtoto ambaye vimelea walirudi kuanzia siku ya 7 na kuendelea, karatasi chujio yake ya siku 0 na ya siku hiyo zilinganishwe kwa PCR, kipimo cha kunakili vinasaba ili visomeke. Kwa muda mrefu alama za vinasaba zilizotumika ni jeni za vimelea msp1, msp2 na glurp. Tangu 2021 WHO hushauri glurp ibadilishwe kwa alama fupi za kujirudia. Zikifanana, ni vimelea wa awali na dawa imeshindwa. Zikiwa tofauti, ameumwa na mbu mwingine. Karatasi iliyoota ukungu haitoi jibu, na mtoto huyo hawezi kuwekwa upande wowote.

Kwenye ripoti toa matokeo kwa njia mbili, waliokamilisha peke yao na Kaplan–Meier (hesabu inayozingatia siku ambazo kila mgonjwa alifuatiliwa), pamoja na mipaka ya uhakika. Kwa njia ya kwanza, walioambukizwa upya huondolewa kwenye hesabu. Kwa ya pili huhesabiwa hadi siku waliyoambukizwa. Onesha idadi ya waliopotea, wiki kwa wiki, na dozi ngapi hazikusimamiwa. Ipeleke kwanza kwa mpango wa taifa wa malaria, jarida litasubiri. Slaidi zihifadhiwe kwa namba zake kwenye masanduku yaliyofungwa, kwa sababu atakayeitilia shaka ripoti ataomba kuziona hizo kwanza.